Kulia Kwako, Kushoto Kwangu

Tarehe 6 Januari

Mpwa wangu Kasia,

Salamu zimepanga foleni, zitakufikia, lakini kwanza habari kubwa ipite. Kaa chini. Umekaa? Basi jua kwamba hujawahi kuwa na mjomba mwenye bahati kama mimi, na kwa kuwa huna mwingine, hakuna wa kubisha. Nimefanywa nahodha! Si msaidizi, si kaimu, si yule wa kuambiwa "subiri tutakuita". Nahodha kamili wa feri yenye sitaha tatu, injini mbili, viti mia mbili na arobaini, na honi ambayo ikilia hapa, mbwa wa ng'ambo wanaitikia.

Ilikuwa hivi. Wakubwa walikaa kikao. Wakaulizana, "Nani anaijua feri hii kuliko wote?" Mara mmoja akanitaja mimi, na wengine wote wakashika vichwa, kama watu waliokumbuka wameacha sufuria motoni. "Tulikuwa tunatafuta wapi siku zote?" Miaka tisa nimo humu ndani, Kasia. Hakuna mlio wa injini nisioujua, na hakuna wimbi lililowahi kunimwagia kitu mara mbili.

Sasa salamu zipite. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie ule mguu wake aunyooshe, asiukalie. Mpe na picha hii. Ndiyo, huyo ni mimi. Ndiyo, hiyo ni kofia ya nahodha. Imeshuka kidogo kwa sababu ya upepo.

Mjomba wako,
Nahodha


Tarehe 27 Januari

Mjomba, shikamoo.

Huku wazima. Mguu wa Bibi umepungua uvimbe tangu picha ifike, kwa kuwa sasa una kazi ya kuitembeza. Aliitundika juu ya redio, akaishusha, akaipeleka kwa fundi viatu, kwa muuza mkaa, mpaka kwa watu wanaosubiri sindano zahanati. Siku hizi wanakuja kumuuliza kama kesho kutakuwa na upepo, na yeye anajibu, ni mama wa nahodha bwana. Juzi alisema upepo hakuna. Kamba ya jirani ikaondoka na mashuka manne. Bibi anasema jirani hakubana vizuri.

Kofia yako imefika masikioni, Mjomba. Bibi anasema ndivyo zinavyovaliwa. Anasema pia barua yako inanuka vitunguu kama zote za miaka hii tisa, na kwamba inaonekana manahodha wanakula vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Boti ya zahanati unaikumbuka, ile nyeupe yenye kiti kirefu cha kumlaza mgonjwa. Dereva wake macho yamechoka, amestaafu. Tangu siku hiyo boti imefungwa gatini na wagonjwa wa ng'ambo wanavushwa kwa boti ya nyanya, wamekalia makreti. Sista Mkuu amesema nafasi ni yangu, maana boti ile nimeiosha miaka minne, na nimeiendesha kila mara mzee alipotaka kusinzia. Lakini lazima leseni. Mtihani ni tarehe 24 Februari. Nikianguka, umebaki mmoja tu, tarehe 20 Juni. Nikianguka na huo, boti inahamishiwa zahanati nyingine yenye dereva, na sisi tunabaki na nyanya.

Kuendesha naweza. Kinachonishinda ni sheria za kupishana. Hapa kwetu sheria ni moja: mwenye sauti kubwa ndiye anayepita. Kitabu kipo kimoja, ofisini kwa mkaguzi wa vyombo vya majini, kwenye kabati ambalo karani amepoteza ufunguo wake na anamngoja fundi. Ni wiki ya tatu anamngoja. Lakini mimi nina mjomba nahodha. Niandikie tafadhali: nani anampisha nani?

Mpwa wako,
Kasia


Tarehe 8 Februari

Kasia wangu,

Nimeicheka barua yako mpaka usukani ukatikisika mkononi. Mwambie jirani pole ya mashuka. Mwambie Mama akiulizwa tena habari za upepo aseme "utategemea". Ndivyo tunavyosema sisi wataalamu. Mimi mzima, ila macho yananiwasha asubuhi. Ni kutazama mbali sana.

Sheria za kupishana! Umebisha mlango wenyewe. Shule mimi niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusibishane, lakini haya mambo sikuyasoma, nimeyaona. Shika kalamu.

Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja anakwenda kushoto. Mnapitana kulia kwa kulia, karibu kabisa, hata ukinyoosha mkono wa kulia mnasalimiana. Hii naiona kila siku, mara kumi na mbili, na Jumamosi zaidi. Njia zikikatana, yaani mwenzako anakujia ubavuni, tazama ametokea wapi. Akitokea kushoto kwako, wewe ndiye wa kupisha: punguza mwendo, pita nyuma yake. Akitokea kulia, yeye ndiye anakupisha, na wewe shika njia yako na mwendo wako uleule, usijifanye mwema. Majini, wema umezamisha wengi. Huyu "pita wewe", yule "hapana, tafadhali, pita wewe", mwisho wote wamepita chini.

Ukitaka kumpita aliye mbele yako, wewe mwenye haraka ndiye wa kujitenga naye, hata kama ni mzembe. Mimi hawa wa kutupita huwaona wanavyokuja, mpaka naona sura zao zilivyokunjamana. Asiye na injini mpishe: mwenye makasia, mwenye tanga, na mwenye nyavu zake majini usimsogelee kabisa. Na wewe wa boti ndogo usiingie mkondo mwembamba mbele ya chombo kikubwa ukitaka upishwe. Sisi wakubwa tunasimama polepole, kama mtu mnene anayeshuka ngazi na trei.

Honi moja fupi: nageukia kushoto. Mbili: nageukia kulia. Tano: wewe, umelala? Taa nyekundu iko upande wa kulia wa chombo, ya kijani kushoto.

Na hii ni siri yetu manahodha, mkaguzi wako akiisikia atasimama akupe mkono: ukipisha, pisha mapema na geuka pakubwa, mwenzako aone kwamba umepisha. Anayepisha kidogo kidogo hajapisha, anatania.

Nenda kawatoe jasho.

Mjomba wako,
Nahodha


Tarehe 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Bibi hajambo, anakusalimu. Jirani amenunua mashuka mengine. Fundi wa kabati bado hajaja.

Nimeanguka.

Mkaguzi alipanda boti yangu na chupa yake ya chai na ubao wake wa karatasi. Ni mtu wa kunyoosha sana suruali. Karani akaja na boti nyingine kutoka mbele, uso kwa uso, polepole, kama walivyopanga. Nikakumbuka maneno yako. Nikapiga honi moja, nikageuka kushoto, mapema na pakubwa. Karani naye akageukia kulia kwake. Kulia kwake, Mjomba, ndiko kushoto kwangu. Tukawa tumeelekea pamoja. Nikasema huyu karani hajui sheria, nikazidi kwenda kushoto. Naye akasema huyu dada hajui sheria, akazidi kwenda kulia. Kisha wote tukaogopa, tukarudi katikati kwa wakati mmoja. Umewahi kukutana na mtu kwenye mlango wa duka, ukienda huku naye huku? Ni hivyo hivyo, ila na injini.

Mkaguzi akapiga kelele, "Kulia! Dada, kulia!"

Nami nikamjibu, "Huyo ndiye apite kulia kwangu!"

"Mungu wangu, nani kakufundisha?"

"Nahodha!"

Tumepitana kwa upana wa kasia. Chai imemwagika yote kwenye ubao. Karani alifika gatini amepiga magoti ndani ya boti, na aliteremka hivyo hivyo. Mkaguzi alichukua karatasi yangu iliyolowa akaandika HAPANA, na chai ilipokauka neno likawa limetanuka, likachukua ukurasa mzima.

Sista Mkuu hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema tu, "Bado Juni."

Mjomba, una hakika?

Kasia


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Pole, pole, pole, na zote tatu ni za kweli. Nimekosa hamu ya kula, mimi, na walionizunguka wamekosa pia. Mpe Mama shikamoo. Mwambie karani nampa pole ya magoti.

Lakini Kasia, nikitetea jambo ninaloliona kwa macho yangu haya mawili, nitakuwa nakosea nini? Mkaguzi ameona feri ngapi? Huko kwenu boti zenyewe ni za kuhesabika kwa vidole, na vidole vinabaki. Hapa ni barabara kuu ya majini. Inawezekana huko sheria zimefika zikiwa zimechoka na safari. Inawezekana karani ana jicho moja bovu, mpime. Inawezekana ni ile chai.

Leo hii, baada ya kupata barua yako, nimekaa mahali pangu pa kazi nikatazama makusudi, kalamu mkononi. Vyombo tisa tumekutana navyo uso kwa uso. Vyote tisa vimepita upande wangu wa kulia. Tisa! Honi moja, feri inakwenda kushoto. Naapa kwa mguu wa Mama. Tuko watu wengi humu ndani na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Usikate tamaa. Wewe ndiye uliyevuka ziwa na kasia moja ukiwa na miaka minane, na jina ukapewa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama ufukweni natetemeka, ingawa niliwaambia watu ni baridi.

Mjomba wako,
Nahodha


Tarehe 5 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Bibi mzima. Amekasirika kidogo kwa kuwa umeuapia mguu wake bila ruhusa, lakini anasema kwa nahodha anasamehe.

Fundi amekuja. Kabati halikuwa limefungwa. Mlango ulikuwa umevimba tu, ameuvuta ukafunguka. Nimesimama dirishani kwa karani jioni tatu nikanakili kitabu chote kwa mkono, huku yeye akisogeza kiti chake mbali nami kila ninapogeuza ukurasa. Kisha nikakaa mezani nyumbani, barua yako ya Februari upande mmoja, daftari upande mwingine.

Kumpita aliye mbele, sawasawa na kitabu. Mwenye makasia na mwenye tanga, sawa. Chombo kikubwa kwenye mkondo mwembamba, sawa. Honi tano, sawa. Kushika njia na mwendo wako unapopishwa, kupisha mapema na pakubwa: umeyasema vizuri kuliko kitabu, na mkaguzi nilipomsomea alitikisa kichwa kwa kukubali kabla hajakumbuka kwamba ananichukia.

Lakini kitabu kinasema mkikutana uso kwa uso kila mmoja aende kulia. Wewe umesema kushoto. Kitabu kinasema mpishe anayetokea kulia. Wewe kushoto. Honi moja ni kulia, mbili kushoto. Taa nyekundu iko kushoto, kijani kulia. Mjomba, kila sheria isiyo na kulia wala kushoto umeipata. Kila yenye kulia na kushoto umeigeuza, zote, bila kubakiza hata moja. Anayebahatisha hukosa nusu, akapata nusu. Wewe hukubahatisha. Wewe umeona, tena umeona vizuri sana.

Basi nilichukua kiti cha Bibi nikakiweka katikati ya ua, nikajifanya niko kwenye feri inayoelekea langoni. Nikakaa nimeligeuzia lango mgongo. Nikapitisha vyombo vyako vyote tisa kichwani. Vyote vikapita kulia kwangu.

Nina swali moja, na sitaki unijibu haraka. Ukiwa kazini umekaa, unaona kule mnakokwenda, au mlikotoka?

Sasa lililo zito. Mkaguzi anasema aliyeanguka mara ya kwanza lazima alete fomu. Nahodha mwenye leseni athibitishe, kwa sahihi na namba ya leseni yake, kwamba nimesimama naye usukanini saa ishirini. Fomu ifike kabla ya tarehe 15 Juni, la sivyo mtihani sifanyi. Nilipouliza nitampata wapi nahodha, alicheka. Alisema, "Bibi yako alikuja na picha. Alikaa hapa saa nzima. Una nahodha ndani ya familia, dada, unatafuta nini?"

Fomu imo ndani ya bahasha hii. Niambie nije lini.

Kasia


Tarehe 30 Aprili

Kasia,

Salamu nyingi. Mama naye msalimie sana. Namtumia kitambaa cha kichwa, cha bluu, kinamfaa. Hapa mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Feri imepakwa rangi upande mmoja. Mwingine wanangoja rangi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nimeungua mkono kidogo, mvuke, si kitu, ila kalamu haishikiki vizuri. Ndiyo maana ya mwandiko huu. Kuhusu fomu, nimeiona. Ni fomu nzuri, karatasi ngumu. Nimeiweka mahali pakavu.

Kwa sasa shughuli ni nyingi sana humu. Tutaangalia. Kuhusu lile swali lako la kiti, feri ni chombo kikubwa, Kasia, mtu anaona pande nyingi.

Mjomba


Tarehe 11 Mei

Mjomba, shikamoo. Pole ya mkono. Bibi amekifunga kitambaa tangu kifike, analala nacho.

Jumanne mama mmoja wa ng'ambo alishikwa na uchungu. Boti nyeupe ipo gatini, injini nzima, mafuta yamo, na mimi nimesimama pembeni yake siruhusiwi kuigusa. Walimpakia boti ya nyanya. Amejifungulia katikati ya maji, juu ya makreti mawili na koti la muuza nyanya. Mtoto mzima, mama mzima, nyanya ndizo zilizoharibika. Watu wamecheka siku mbili na mtoto tayari wanamwita Kreti. Sista Mkuu hakucheka. Aliniita akafunga mlango. "Safari hii tumepata cha kuchekea," akasema. "Ijayo sijui. Fomu iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa mjomba wangu, mahali pakavu.

Mjomba, mimi sijakuuliza jambo lolote zaidi ya kiti. Sikumwambia Bibi, sikumwambia mtu. Lakini uliniandikia mwenyewe kwamba anayepisha kidogo kidogo hajapisha, anatania. Mimi nakuja kwako uso kwa uso sasa, na nimeshika njia yangu na mwendo wangu. Kama unanipisha, geuka nione. Kama hunipishi, piga honi tano nitafute pengine, siku zimebaki thelathini na tano.

Kasia


Tarehe 24 Mei

Mpwa wangu Kasia,

Shikamoo kwa Mama, salamu kwa Sista Mkuu, pongezi kwa mama yake Kreti, na pole kwa muuza nyanya. Mkono umepona. Haukuwa umeungua sana, hata barua ile ningeweza kuiandika siku ileile.

Fomu nimeitembeza humu ndani wiki nne. Nililala juu yake, ikanyooka kama suruali ya mkaguzi. Siku moja nilichukua kalamu. Ni sahihi moja tu, nikajiambia, na namba ya leseni nitaweka yoyote, nani atahesabu? Nikafika mpaka kwenye mstari wenyewe. Halafu nikakuona umeshika ule usukani, mgonjwa yuko nyuma yako amelala, na katikati ya maji mtu fulani wa ofisini anagundua namba ile ni ya baiskeli yangu. Nikaiweka kalamu.

Barua yako ya Kreti ilipofika nilibeba chai nikapanda juu, kwenye chumba cha usukani. Kuna mzee humo tunamwita Mzee Kimya, kwa sababu maneno yake ya siku nzima unaweza kuyabeba mkono mmoja. Miaka tisa nimempelekea chai. Huwa naipitisha mlangoni, nageuka, nashuka. Safari hii niliingia.

"Chai," nikasema.

"Weka."

Nikaweka, nikabaki nimesimama.

"Kuna nini?"

"Nina mpwa, Mzee."

"Hongera."

"Amefundishwa vibaya sheria za kupishana. Akakosa kugonga boti ya serikali kwa upana wa kasia."

Akageuza kichwa. "Mpumbavu gani kamfundisha?"

"Mpumbavu ndiye aliyeleta chai."

Basi nikamwaga yote, Kasia, sikubakiza. Picha, kikao cha wakubwa, Mama na upepo wake. Nilipofika kwenye kofia aliruka. "Kofia yangu! Siku ile niliyoitafuta mpaka nikateremka kichwa wazi mbele ya abiria!"

"Ulikuwa unaoga, Mzee. Ilikuwa kichwani kwangu dakika tatu. Mpiga picha alikuwa na haraka."

"Na hizo sheria ulizisoma wapi?"

"Dirishani."

"Dirisha gani?"

"La kule chini, Mzee. Linalotazama nyuma."

Akafumba macho. Nikaona kidole chake kinakwenda huku na huku hewani, kinageuza kulia kuwa kushoto, kushoto kuwa kulia, honi moja, honi mbili. Mara mabega yakaanza kutikisika. Sijawahi kumsikia akicheka. Ni sauti ya pampu inayovuta hewa. Alicheka mpaka akaegemea honi, na honi ikalia mara tano, na abiria wa sitaha ya chini wote wakavaa majaketi ya kuokolea. Ilituchukua safari nzima kuwashawishi wayavue. Bibi mmoja ameteremka nalo.

"Zote zimegeuka," akasema alipopata pumzi. "Lakini zimegeuka vizuri. Na yeye amejuaje?"

"Alikaa kwenye kiti uani, akageuka."

Akachukua kikombe, akanywa chai mpaka nusu. Nikadhani ameshamaliza maneno ya wiki. Kisha akasema, "Mlete huyo."

Kwa hiyo, Kasia, njoo. Uwe hapa tarehe 2 Juni, safari ya kwanza ni saa moja asubuhi. Saa ishirini zitakwisha kwa siku nne ukisimama mfululizo. Mzee Kimya atasaini kwa mkono wake, kwa namba yake mwenyewe, na ameshasema kama hujui hatasaini, hata ukilia, hata nikilia mimi. Fomu utairudisha mwenyewe wiki nzima kabla ya siku ya mwisho. Sehemu ya kulala nimekupatia kwa mama anayekata tiketi. Nyumba yake safi na mazungumzo yake marefu.

Siku hiyo Mzee Kimya aliniruhusu nibaki humo ndani mpaka tukafika ng'ambo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutazama mbele. Miaka tisa kila ninachokiona kinapungua: gati linapungua, watu wanapungua, mji unakuwa kiberiti. Kule juu vitu vinakua. Boya linakuja, linanenepa, linakutazama. Chombo kikatokea mbele uso kwa uso, Mzee akageukia kulia, kikatupita kushoto, sawasawa na kitabu chako, na mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo nimefumba jicho moja. Kazi hii si ya kila mtu. Nadhani ni yako.

Ukifika usinitafute chumba cha usukani. Pita mlango wa abiria, shuka ngazi za chuma, fuata harufu. Utanikuta kwenye stuli, mgongo umeelekea mbele, ndoo ya maganda katikati ya miguu, nawatazama wanaotaka kutupita. Utapata supu kabla ya kusema neno.

Kwa Mama nimeandika barua nyingine, imo humu, bahasha ndogo. Msomee ukiwa umemshika mkono wenye nguvu, ule anaopigia. Picha akitaka aishushe, akitaka aiache, kofia ile ni ya kweli hata kama kichwa siyo. Ila nina wasiwasi kwamba hutamwambia jipya. Miaka tisa ya vitunguu, na pua yake haijawahi kuugua.

Haya, nimegeuka, mapema kidogo na pakubwa. Umeniona? Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna aliyenitaja. Nilidanganya. Mimi si nahodha, Kasia, sijawahi kushika usukani hata siku moja. Mimi ni mpishi.